Mzee Harlan Hukata Kushoto Tu

Burnsville, Minnesota
14 Septemba 2014

Mjomba Zadock,

Salamu kwako, kwa mama Makena, kwa Makena mwenyewe, na kwa kila mwanafunzi aliyekaa kwenye lile benchi la chuo akingoja zamu yake ya gari. Mimi ni mzima. Baridi haijaanza, lakini watu wa hapa wanaizungumzia kama mgeni ambaye tayari yuko njiani. Mama ameniambia ng'ombe wako amezaa, hongera. Ameniambia pia kwamba simu yangu hutaipokea kwa sababu wewe unaamini jambo la maana huandikwa. Basi naandika.

Nimebadilishiwa kazi. Ajensi imenitoa kwenye makao ya wazee kule Saint Paul, nilikokuwa naenda kwa basi na treni, ikanileta nyumbani kwa mzee mmoja hapa Burnsville. Anaitwa Harlan Nygaard, ana miaka themanini na minane, na zamani alikuwa dereva wa mashindano. Simaanishi kama yule kijana wa teksi pale stendi. Huyu ni wa kweli. Baada ya vita kuu alitoka jeshini, akanunua gari la chuma tupu lisilo na paa wala mlango, akaanza kushindana kwenye viwanja vya udongo vya maonyesho ya kilimo, mji hadi mji, mpaka siku moja akafika kwenye yale mashindano makubwa ya Indiana. Ukuta wa sebuleni umejaa picha zake akiwa tope tupu, meno tu ndiyo meupe. Katika kila picha ya ushindi anabusu shimo. Enzi hizo mshindi alibusiwa na mrembo wa maonyesho, na marehemu mkewe, Dorothy, aliwakata warembo wote kwa mkasi.

Sasa neno lenyewe. Mzee amenyang'anywa leseni baada ya kuingiza gari bandani bila kufungua mlango wa banda. Binti yake Karen, anayeishi Arizona, ametoa amri: ikifika Pasaka nyumba hii iwe na mhudumu mwenye leseni wa kumpeleka baba yake hospitali na dukani, la sivyo nyumba itauzwa na mzee apelekwe makao ya wazee. Huku bila gari hata chumvi hununui. Mzee anasema huko atauawa na supu. Na mimi, ajensi iliponiuliza kama najua gari, nilijibu kwamba nimelelewa katika chuo cha udereva. Si uongo. Lakini wewe na mimi tunajua kuwa mfinyanzi hulia gaeni. Gari la chuo lilikuwa moja na zamu ilikuwa ya aliyelipa. Nilichoendesha mimi ni vile vigari vya kuchezea juu ya meza yako yenye mji uliochorwa.

Mtihani wa maandishi nimepita. Umebaki wa barabarani. Nafanya mazoezi Jumamosi katika uwanja wa kuegesha magari wa kanisa letu, kwa gari la mzee. Sheria inataka mwenye leseni akae kando yangu, kwa hiyo Bravin, Mkenya mwenzetu anayefanya kazi hospitali, hukaa mbele kama leseni, na Mzee Harlan hukaa nyuma kama mwalimu. Nisaidie, mjomba. Sitaki mzee huyu atolewe kwake kwa sababu yangu.

Mpwa wako,
Nkatha


Chuo cha Udereva cha Mwendo Salama, Meru
20 Oktoba 2014

Mpwa wangu Nkatha,

Salamu zako zimemfikia kila uliyemtaja, pamoja na benchi. Huku tu wazima. Ng'ombe alizaa dume, kwa hiyo hongera yako nimeipokea nusu. Mamako alipita hapa Jumapili akala ugali wa watu wawili, basi usiwe na wasiwasi juu yake. Makena siku hizi ndiye anayetoka na wanafunzi barabarani, kwa sababu ya mgongo wangu.

Barua yako imesomwa darasani. Makena alisoma, mimi nikafafanua. Darasa lilipenda sana mashimo ya picha. Ila mimi kama mwalimu nina neno. Mtu anayezunguka uwanja mmoja miaka nenda miaka rudi, akimaliza amefika wapi? Amerudi alipoanzia, na amechoka. Hakuna taa, hakuna punda, hakuna mama aliyebeba mkungu wa ndizi katikati ya njia, hakuna askari anayetafuta kosa. Hiyo si barabara, hiyo ni sufuria. Usimdharau, ni mzee, mpe chai yake. Lakini mwalimu wako ni mimi.

Sheria zangu unazijua. Kaa upande wako. Ukikaribia kona piga honi, aliye ng'ambo ajue unakuja. Endesha kama mtu aliyepakata trei ya mayai. Anayekuhimiza uongeze mwendo muulize kama yeye ndiye atakayekuzika.

Darasa linauliza: kama alikuwa bingwa hivyo, mbona aliacha? Na mimi nauliza la kwangu. Siku walipomnyang'anya funguo alifanya nini? Alipigana? Alinyamaza? Nauliza tu kwa ajili ya elimu.

Tafadhali andika kwa herufi kubwa kidogo. Wino wa Marekani umefifia.

Mjomba wako,
Zadock, Mwalimu Mkuu

Na huyo Bravin ni wa nani?


Burnsville
7 Desemba 2014

Mjomba,

POKEA SALAMU KWA HERUFI KUBWA. Sasa napunguza kidogo, mkono umechoka. Theluji imefika magotini. Mwambie Makena koti alilonishonea limekuwa shati la ndani, maana juu yake navaa mengine mawili.

Nimeanguka mtihani. Nakueleza ujionee mwenyewe kosa ni la nani.

Mzee Harlan, katika maisha yake yote ya mashindano, alikata kona za kushoto tu. Ndivyo viwanja vyao vilivyo. Unakwenda, unakata kushoto, unakwenda, unakata kushoto, mpaka upungiwe bendera. Hata magari yenyewe yaliundwa yapende kushoto. Kwa hiyo kushoto amenifundisha vizuri kupita maelezo. Theluji ilipoanguka alifurahi akasema sasa ndiyo tuna udongo wa kweli. Gari likiteleza mkia, upeleke usukani kule mkia unakokwenda, na mguu ukae mbali na breki. Jumamosi iliyopita tulizunguka nguzo za taa za kanisa ubavu-ubavu, mchungaji akitutazama dirishani, Bravin ameng'ang'ania dashibodi. "Nkatha, please, slow down, mimi bado nina mamangu!" Mzee huko nyuma anajipiga mapaja kwa raha. Ila nikiuliza habari za kulia hutazama nje. Nikimshikilia sana husema, "Kulia kuna nini?"

Siku ya mtihani, mama mmoja mpole wa serikali akaniambia nikate kulia. Nikakata, polepole, mayai yote salama. Kisha mikono yangu ikaikumbuka meza yako. Ikaniweka upande wa kushoto wa barabara kama huko kwetu, indiketa na kila kitu, uso kwa uso na lori la kusukuma theluji. Yule mama akasema, "Okay then." Kwa watu wa hapa, mjomba, hayo ni matusi.

Kwa hiyo mna hisa sawa, wewe na mzee. Narudia mtihani Februari.

Darasa liambiwe hivi. Mwaka wa hamsini na nane, kwenye maonyesho ya jimbo kule Saint Paul, jukwaa limejaa, Mzee Harlan alikuwa anaongoza na mbio zilikaribia kwisha. Akatoka pembeni kwa mafundi wake, akazima injini, akavua helmeti, akaenda nyumbani. Hakushindana tena. Magazeti yaliandika kwamba injini iliharibika. Fundi wake aliapa mpaka kufa kwake kwamba injini ilikuwa nzima. Nimemuuliza mzee, akaniuliza kama nimemlisha mbwa. Hana mbwa.

Kuhusu funguo, alizificha kwenye kopo la kahawa akasema zimeibwa. Karen akapika kahawa.

Mpwa wako,
Nkatha

Bravin ni leseni, nimeshakuambia.


Meru
18 Januari 2015

Mpwa wangu,

Mwaka mpya umetukuta salama. Mbuzi wa Krismasi alikuwa mzee kuliko mimi na tulimtafuna mpaka siku ya pili. Mama Makena anakuombea, na anasema ukiona lori la theluji mpishe.

Nimesikitika kwamba mikono yako ina kumbukumbu nzuri hivyo. Ni sifa kwangu kama mwalimu, ila imekuja mahali pabaya. Nimechukua hatua. Nimeigeuza meza ya mji. Nilipaka mishale upya, magari yote yakahamia kulia, nikafundisha hivyo ili niione barabara yako kwa macho yangu kabla ya kukuandikia. Ushauri niliopata ni huu: wewe dereva ukae karibu na mstari wa katikati siku zote. Mstari ukiwa mbali nawe, umepotea njia. Uandike mkononi kama ni lazima.

Kwa bahati mbaya nilisahau kuirudisha meza kabla ya siku ya mtihani wa hapa. Mwanafunzi wangu mmoja aliiendesha kulia meza nzima mbele ya askari, kwa adabu zote, akampigia indiketa. Askari alimwuliza anatoka nchi gani. Baba yake ameshakuja chuoni mara mbili.

Darasa limegawanyika kuhusu mzee wako. Wengine wanasema aliogopa. Wengine wanasema palikuwa na mwanamke, na ndiyo sababu ya ule mkasi. Mimi nasema ni mgongo. Mbane akuambie, kwa sababu watu hawasomi tena alama za barabarani, wanabishana tu.

Gari la chuo limekwaruzwa na nguzo ya lango. Ile nguzo nadhani imesogea, mvua zilikuwa kubwa. Makena haamini. Watoto siku hizi hawaamini kitu.

Anasema pia kwamba katika barua yako Bravin ametajwa kuliko breki.

Zadock, Mwalimu Mkuu


Burnsville
22 Februari 2015

Mjomba,

Salamu, na umpe pole yule mwanafunzi wako. Baridi ya hapa sasa ukipiga chafya unaogopa kusikia kitu kikivunjika. Goretti, Mkongo wa kanisani kwetu, amejifungua mapacha, na kanisa zima linapika.

Nimeanguka tena. Kulia nilikata vizuri, mstari wa katikati nilikaa nao kama dada yangu. Lakini kwenye kila kona nilipiga honi, kama ulivyotufundisha, na kona za Burnsville ni nyingi. Mjomba, huku honi haipigwi. Mtu anaweza kulala kwenye taa ya kijani na walio nyuma yake wakamngoja aamke. Watu walitoka barazani kututazama. Yule mama akaniuliza kwa upole nina ugomvi na nani mtaa ule. Nimepewa nafasi nyingine tarehe thelathini na moja Machi, na Pasaka ni Jumapili inayofuata. Hiyo ndiyo ya mwisho.

Karen alikuja na tepu akapima vyumba. Aliweka mezani kijitabu cha makao ya wazee chenye picha za wazee wanaocheka wakila. Mzee alikipindua, akaweka kikombe juu yake. Baada ya Karen kuondoka hakula siku nzima. Jioni nilikasirika, nikamwambia kama ni kutoka mtu hutoka kwa kusema, si kwa kususa chakula, na kwamba watu wa Meru wanabishana mpaka leo kwa nini alitoka ile siku ya maonyesho. Akacheka. Alishangaa kwamba kuna darasa la watu Afrika linalojua habari za siku ile. Kisha akaniambia.

Kulikuwa na nguzo nyeupe kwenye kona ya mbali ya uwanja. Ukiiona tu, unaanza kukata. Kwa miaka yote aliiona kabla ya wenzake, na huo ndio uliokuwa ubingwa wake wote. Mwaka ule ikaanza kumjia kwa kuchelewa. Hakumwambia mtu. Dorothy alimwuliza mbona ananunua magazeti lakini hasomi, akamjibu kwamba habari zimekuwa mbaya. Siku ya maonyesho, kwenye kona ile ile, gurudumu lake lilipita karibu kabisa na kichwa cha kijana aliyekuwa akijaribu kumpita kwa upande wa ndani wa kona. Hakumwona. Alimsikia tu. Kijana huyo alikuwa na mke jukwaani, amebeba mtoto. Mzee akazunguka mara moja zaidi akiwaza, akatoka.

Nikamwuliza kwa nini aliacha watu wasingizie injini. Akasema, "Kwa sababu injini haina haya."

Halafu akasema jambo la pili. Ujasiri ule alikuwa nao mara moja tu maishani. Alipozeeka ukahitajika tena, akautafuta, hakuuona, ndipo akaingia mlango wa banda.

Lieleze darasa. Na uniombee.

Nkatha


Meru
17 Machi 2015

Dada Nkatha,

Anayeandika ni mimi, Makena. Baba anasema na mimi naandika, kwa hiyo kuanzia hapa ni yeye.

Mpwa wangu, salamu. Nyumbani ni wazima, ila nguzo ya lango haikusogea.

Makena aliisoma barua yako darasani. Alipofika kwenye nguzo nyeupe nilimwambia awape watu mapumziko ya chai, na ilikuwa bado saa tatu asubuhi. Walikwenda. Nilibaki nimekaa kwenye lile benchi. Mgongo wangu hauna kitu, Nkatha. Ni macho. Ni mwaka wa pili sasa. Barua zako sijasoma hata moja kwa macho yangu. Wino wenu ni mzuri.

Mwezi uliopita nilimchukua mwanafunzi mwenyewe, kwa ubishi, Makena akiwa sokoni. Msichana wa watu akakanyaga breki kwa nguvu nikamgombeza kwamba hakuna kitu mbele. Kulikuwa na mama na watoto wawili wanavuka. Yeye, mwenye wiki mbili za gari, aliwaona. Sikulala. Lakini asubuhi yake nilifundisha.

Leo nimempa Makena funguo mkononi. Sikuzificha. Kahawa sinywi.

Nina swali moja kwa mzee mwenzangu, na ulipeleke kama lilivyo. Mtu akiwa anajulikana kwa kitu kimoja tu, kisha akiache, siku ya pili yake huamka akafanya nini?

Zadock

Dada, mimi tena. Baba amesema niandike kwamba anacheka. Hacheki. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, jicho la kulia, na kwamba hupasuliwa hapa hapa Meru na watu huona vizuri. Amekataa kwenda. Mtihani mwema.


Burnsville
19 Aprili 2015

Mjomba wangu mpendwa,

Salamu kwako kwanza, kisha kwa wengine wote. Makena akusomee hii taratibu, bila darasa.

Nimepita. Ningeiweka habari hii mwisho kama wanavyofanya watu, lakini najua unavyohangaika. Nilikata kulia, nikakata kushoto, nikaegesha kati ya magari mawili, na kwenye kona moja yenye barafu mkia ukateleza. Mikono ikaenda ilikofundishwa na mzee na mguu ukatulia. Yule mama wa serikali alishika mlango. Nilipolinyoosha gari akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema walimu wawili, mmoja yuko Meru. Karen alikuja siku ya Pasaka, akaiona leseni, akaipindua pande zote mbili, akairudisha tepu yake kwenye mkoba. Mzee yuko kwake.

Bravin sasa leseni yake haihitajiki, lakini bado anakuja Jumamosi. Kasirika ukitaka. Anaitwa Bravin Mutwiri, kwao ni Nkubu, na mamake anakujua: alijifunza gari kwako na anasema ulimgombeza.

Barua yako ilinifikia Alhamisi. Nililia jikoni, kisha nikakukasirikia, kisha nikalia tena. Ijumaa nilikuwa nampeleka mzee kwa daktari Saint Paul, safari yangu ya kwanza kwenye ile barabara kuu. Nilimwuliza swali lako kama lilivyo, bila kuongeza neno.

Tukavuka mto. Kisha akasema, "Mwambie ilikuwa Jumatatu tu. Niliamka nikasikia njaa. Miaka yote ile kila asubuhi tumbo langu lilikuwa limefungwa, na sikujua kama limefungwa mpaka siku ile. Nilikula mayai ya Dorothy yote, mpaka ya kwake. Halafu nikaosha gari, kwa sababu lilikuwa chafu." Kisha akaongeza, "Na mwambie akafanyiwe hilo jicho. Siku zangu wangekuwa na dawa ya kunionyesha ile nguzo, ningetambaa kwa magoti kuifuata."

Nilikuwa nimechelewa kuhamia njia ya kutokea, na mtu mmoja alinipisha, basi nikangoja sauti ya nyuma inikaripie. Haikuja. Nikatazama kioo. Mzee Harlan alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kimeegemea dirisha.

Karen aliwahi kuniambia kwamba baba yake hajapata kufumba jicho ndani ya gari linaloendeshwa na mtu mwingine. Kwenye gari la Dorothy alikuwa akikanyaga breki ya hewani njia nzima. Hata siku alipobebwa na gari la wagonjwa alimwelekeza dereva. Na wewe, uliyekaa kando ya wanafunzi miaka thelathini bila kusinzia hata siku moja, hakuna haja nikueleze ilikuwa nini kwangu.

Nilifika hospitali, nikazima injini, nikakaa naye palepale mpaka akaamka mwenyewe. Tulimkosa daktari. Tumepewa siku nyingine, na nitamrudisha.

Mpwa wako,
Nkatha